BARIDI YA UHOLANZI WE ACHA TU! Siku 12 peke yangu mamtoni na koti la mtumba la Karume

Vijiwe vya Buguruni, kuanzia Malapa hadi Kwa Mnyamani, vina kanuni yake. Mtu akitangaza anakwenda Ulaya, hakuna anayemuuliza anakwenda kutazama nini. Kwetu majuu ni mahali pa kwenda kutafuta, si mahali pa kutembea. Mwanafunzi anakwenda kusoma, mwenye mume Mzungu anamfuata mumewe, waliobaki wanakwenda kubeba maboksi. Sasa mtu akisema anakwenda kuzurura siku 12 halafu anarudi kuuza mikoba yake Mtaa wa Kongo, watu wanaangaliana, kisha mmoja anacheka na kusema, "Haya bwana, tutaonana akijaliwa."

Mtu huyo ni mimi. Binti wa Buguruni, sina shangazi London wala mchumba Amsterdam. Nauza mikoba ya kina dada Kariakoo, na Januari 2025 nilipanda pipa peke yangu kwenda Uholanzi. Kwa nini Januari? Jibu ni rahisi, mpenzi msomaji. Sikukuu zikishapita nauli zinashuka, na Kariakoo Januari kila mzazi anawaza ada na sare za shule. Mkoba wa kutokea nani atanunua?

Mshiko niliuweka kwa miaka mitatu, kidogo kidogo, na mwisho nikasubiri zamu yangu kwenye mchezo wetu wa kupeana pale dukani. Mjomba wangu aliposikia, alinikalisha chini. "Mwanangu, unakwenda kwa Wadachi? Si ndio hao waliomnyonga Abushiri kule Pangani mwaka 1889?" Ikabidi nimweleweshe taratibu. Wadachi wa wazee wetu ni Wajerumani, neno limetokana na jinsi Wajerumani wanavyojiita wenyewe. Hawa ninaokwenda kwao ni Waholanzi. Mjomba akatikisa kichwa. "Basi sawa. Lakini ukishafika, usirudi mikono mitupu. Akili kichwani."

Hilo "akili kichwani" nililielewa vizuri sana. Lilinikaa rohoni safari nzima.

KARATASI KWANZA, NDEGE BAADAYE

Kwa wale wanaodhani viza inanunuliwa kama karanga, nawapa ukweli. Viza ya matembezi ya nchi za Schengen inakupa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Tangu Juni 2024 ada yake ni Yuro 90, na ukinyimwa hurudishiwi hata senti. Lazima uwe na bima ya safari isiyopungua Yuro 30,000, tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, taarifa ya benki na kitu cha kuonyesha kwamba una sababu ya kurudi nyumbani. Mimi nilipeleka leseni ya biashara na mkataba wa fremu. Fremu ya Kariakoo, kwa taarifa yako, ni sababu tosha ya mtu kurudi!

Nguo za baridi nilizipata Karume, pale Mchikichini. Koti zito la sufi, rangi ya kahawa, shilingi 35,000 baada ya kubishana mpaka jasho. Muuzaji alinicheka, "Dada, Dar nyuzi 33, hili unampelekea nani?" Nikamwambia nalirudisha kwao. Lebo yake ya ndani ilikuwa na maneno ya Kizungu cha huko huko. Lilikuja kwetu ndani ya belo, sasa linarudi limekaa kiti cha dirishani. Maisha haya!

CHINI YA BAHARI

Uwanja wa ndege wa Schiphol uko zaidi ya mita 3 chini ya usawa wa bahari. Siyo masihara. Zamani hapo palikuwa ziwa kubwa lililoitwa Haarlemmermeer, wakalikausha kwa pampu za mvuke, na kufikia mwaka 1852 likawa shamba. Leo madege yanatua pale ambapo zamani meli zilizama.

Ofisa wa uhamiaji alinihoji kwa dakika nyingi kuliko wenzangu wote wa ule mstari. Unakaa kwa nani? Una fedha kiasi gani? Mbona uko peke yako? Nikamwekea karatasi zangu mezani moja moja, kama ninavyopanga mikoba. Mwisho akagonga muhuri. Nikatoka nje, na hapo ndipo nilipokutana na mwenye nchi, yaani baridi.

Jamani, baridi ile haina adabu. Kipimajoto kilisema nyuzi 2, lakini upepo unaotoka Bahari ya Kaskazini hausomi kipimajoto. Unaingia mikononi, unapita shingoni, unakutoa machozi bila msiba. Halafu giza! Januari jua linachomoza karibu saa 3 kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni. Siku ya kwanza niliamka saa 1:30 nikaona nje kiza kinene, nikarudi kulala nikidhani saa ya simu imeharibika. Kumbe ndiyo asubuhi yenyewe, watu wako njiani na baiskeli, wanakwenda kazini.

Na baiskeli sasa! Waholanzi wako kama milioni 18, baiskeli zao ni zaidi ya milioni 20. Zina barabara zao, nyingi zimepakwa rangi nyekundu, na ole wako usimame pale kupiga picha. Nilipigiwa kengele na bibi wa umri wa nyanya yangu, amewabeba wajukuu wawili kwenye kisanduku cha mbele, mvua inanyesha, yeye anachanja mbuga. Bodaboda wetu wangemvulia kofia.

Amsterdam imejengwa juu ya matope. Ikulu yake ya uwanja wa Dam imekaa juu ya nguzo za miti 13,659 zilizopigiliwa ardhini katika karne ya 17. Mji ni mzuri kupita maelezo, mifereji, madaraja, taa zinazocheza juu ya maji usiku. Lakini kikombe cha kahawa Yuro 4, na Yuro moja wakati huo ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,500. Yaani kahawa shilingi 10,000! Nilikunywa moja, nikaishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyepewa soda ya sikukuu.

Siku ya tatu upweke ukanipiga. Bwenini kulikuwa na vijana wa mataifa chungu nzima, kila mmoja na wenzake. Kwetu Buguruni huwezi kutoka chumbani mpaka uvuke salamu kumi, mama lishe, fundi cherehani, muuza maji. Kule nilipita siku nzima sijamwambia mtu hata "habari". Si kwamba ni wabaya, la hasha. Ukiwauliza njia wanakuelekeza kwa Kiingereza safi. Ila hawakuulizi umeamkaje. Jioni nikakimbilia Bijlmer, kusini mashariki mwa mji, wanakoishi watu wengi wa asili ya Suriname na Ghana. Suriname ilikuwa koloni la Uholanzi hadi Novemba 1975, na vyakula vyao vimeingia nchini kwa kishindo. Nikaagiza roti na mchuzi wa kuku na viazi. Tonge la kwanza tu, nikajua kuna Wahindi waliopita Suriname kama walivyopita Kisutu. Mama muuzaji akaniita "mwanangu" kwa Kiingereza. Nilikaribia kulia.

LEIDEN: KISWAHILI KIMENITANGULIA

Kutoka Amsterdam hadi Leiden ni kama dakika 35 kwa treni. Huhitaji hata tiketi ya karatasi, unagusisha kadi ya benki mlangoni unapoingia na unapotoka. Leiden ni mji wa wasomi, chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1575, mwaka mmoja baada ya mji kuokolewa kutoka kwenye mzingiro wa Wahispania. Hadi leo kila tarehe 3 Oktoba wanakula viazi na karoti zilizopondwa pamoja kukumbuka njaa ile. Nilikula chakula hicho mgahawani. Kinajaza tumbo, lakini pilipili hakuna hata ya dawa.

Kilichonishangaza ni maktaba ya Kituo cha Masomo ya Afrika, ambacho ni sehemu ya chuo hicho. Vitabu vya Kiswahili rafu kwa rafu! Riwaya, mashairi, magazeti ya kwetu, vitabu vya Shaaban Robert. Kijana wa Kizungu aliyekuwa anasoma pembeni akanisalimu, "Shikamoo dada." Nikamwambia mimi na yeye ni "mambo", shikamoo awekee wakubwa. Akaandika kwenye daftari! Teh teh teh.

Furaha hiyo haikudumu. Jioni nilikwenda duka moja kununua mkate, maziwa na ndizi, nikatoa noti. Hapana, fedha taslimu hawapokei. Nikatoa kadi yangu ya benki. Hapana, kadi ya aina hiyo nayo hawapokei. Foleni nyuma yangu imenyamaza, kila mtu anaangalia viatu vyake. Nikarudisha vitu kimoja kimoja kwenye rafu, mtu mzima na hela zangu mfukoni. Usiku ule chakula cha jioni kilikuwa biskuti nilizobeba kutoka Dar. Toka siku hiyo kabla ya kubeba kikapu nilianza na swali, "Kadi hii mnaichukua?"

Nikiwa Leiden nilikwenda pia kutwa moja The Hague na Delft, miji iliyo jirani kama Ilala na Temeke. The Hague kuna Kasri la Amani, lililofunguliwa mwaka 1913, na ndani yake Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Nikasimama langoni katika manyunyu nikitabasamu peke yangu, maana mwezi ule ule jirani yetu wa Uganda, Jaji Julia Sebutinde, alikuwa ameshika ukaimu rais wa mahakama hiyo. Mwanamke wa Afrika Mashariki, sisi hatutanii! Tena The Hague ndiko yalikokuwa makao makuu ya kampuni ya mafuta ya Shell kabla hayajahamia London mwaka 2022. Watu wanaoshuka daladala Buguruni Sheli kila siku wana undugu na mji ule, ila hawajui.

ROTTERDAM NA MANENO YA DADA WA TANGA

Sasa nifike kwenye Rotterdam, maana hapo ndipo moyo ulipopata mtihani.

Jina la Rotterdam si geni uswahilini. Miaka ya 1980 na 1990, vijana wa Dar na Tanga waliokuwa wakizamia meli waliitaja kama mtu anavyotaja Chalinze. Ni bandari kubwa kuliko zote Ulaya. Katikati ya mji huoni majengo mengi ya kale, kwa sababu ndege za Hitler ziliubomoa tarehe 14 Mei 1940. Wakajenga upya kwa vioo na chuma. Kuna daraja la Erasmus, lililofunguliwa mwaka 1996, lenye nguzo moja nyeupe iliyopinda kama shingo ya bata. Ukisimama juu yake na upepo ule, shika kofia, shika na roho.

Nilikuwa sokoni natafuta soksi nzito. Nikajisemea kwa sauti, "Lo, bei gani hii!" Sauti nyuma yangu ikajibu, "Punguza hasira mdogo wangu, hapa hawapunguzi bei." Nikageuka. Mwanamama wa makamo, mtandio kichwani, lafudhi ya Tanga imenyooka. Tukakumbatiana kama tuliopotezana hija. Akanichukua hadi kwake, akapika wali wa nazi na samaki, na kwa mara ya kwanza baada ya siku saba nikavua koti nikiwa na amani.

Baada ya kula, nikamweleza maneno ya mjomba. Sitaficha: wazo lilikuwa limeanza kunizungukia. Viza bado ina siku, na mji una kazi za usafi na za mashambani. Kule bwenini kijana mmoja aliwahi kuninong'oneza kwamba Watanzania kibao wamejilipua, wakasema wao ni watu wa nchi yenye vita, na sasa wanapeta.

Dada akaweka sahani chini. "Mimi nilijilipua," akasema. "Nikatoa jina la baba yangu, nikachukua jina la watu nisiowajua. Nikasubiri makaratasi miaka. Mama yangu alifariki Tanga nikiwa nasubiri. Ningetoka nchini nisingerudi, nikamzika kwa simu. Wenzangu wa maziko walishika udongo, mimi nilishika simu." Akanyamaza. Kisha akanisimulia habari za Ter Apel, kijiji cha kaskazini anakoandikishwa kila anayeomba hifadhi. Agosti 2022 watu walijaa kupita kiasi, mamia wakalala nje kwenye majani, hadi shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likaingia kutoa huduma. Ndani ya Uholanzi, nchi tajiri! "Anayekimbia vita hana la kuchagua, Mungu amsaidie," akasema. "Wewe una fremu Kariakoo. Una mama. Unataka kuchukua nafasi ya nani?"

Nilirudi bwenini usiku, miguu mizito. Nilipiga hesabu ya fremu, ya mama, ya jina langu. Kulipokucha, ile saa 3 kasorobo yao, nilikuwa nimeshaamua. Nikamtumia mama ujumbe: Jumapili nakuja, nipikie mlenda.

Kabla ya kuondoka mjini nilikwenda kuona uwanja unaoitwa Benthemplein, uliojengwa mwaka 2013. Siku za kawaida vijana wanacheza kikapu na kuteleza na mbao zao. Mvua ikipiga kubwa, uwanja wenyewe umechimbwa kama bakuli, unayapokea maji ya mitaa ya jirani, kisha yanatolewa polepole. Mtu wa Buguruni akiona kitu hicho anasisimka. Sisi tunaujua Msimbazi ukikasirika. Desemba 2011 mafuriko ya Dar yaliua zaidi ya watu 40, na nyumba za bondeni zilibaki mabati tu juu ya maji. Uholanzi nao hawakuzaliwa wajanja. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kuta, wakafa watu 1,836. Baada ya hapo wakajenga mabwawa na malango ya bahari kwa zaidi ya miaka 40. Na Uholanzi ni miongoni mwa wanaochangia mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, pamoja na Benki ya Dunia. Kwa hiyo tukiona matingatinga Jangwani, tuulize maswali. Maji hayajali mtu ni wa chama gani.

NILILALA JELA

Ziko shubiri nyingine pia. Nilikwenda Utrecht kupanda mnara wa kanisa la Dom, mita 112, ngazi 465, magoti yakaomba talaka. Wakati wa kurudi Rotterdam upepo ukavuma, treni ikakatishwa Gouda, ule mji wa jibini. Saa 4 usiku, baridi kali, mwanamke peke yangu, na choo cha stesheni hadi ulipie! Nilisubiri saa mbili. Msichana mmoja mwenye ushungi alinigawia nusu ya chai yake ya chupa. Hatukujuana majina.

Mwisho nikapanda hadi Leeuwarden, kaskazini, mkoa wa Friesland. Kuna gereza la zamani, Blokhuispoort, lililofungwa mwaka 2007. Sasa lina maktaba, mgahawa na hosteli, wageni wanalala kwenye vyumba vya wafungwa. Nikamwandikia mama, "Leo nalala jela." Simu ililia ndani ya sekunde tano!

Leeuwarden ndipo yanapoanzia na kuishia mashindano ya Miji Kumi na Moja, kilomita 200 hivi kwa viatu vya kuteleza juu ya mifereji iliyoganda. Barafu lazima iwe na unene wa sentimita 15 njia nzima. Tangu mwaka 1909 yamefanyika mara 15 tu. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Januari 1997, akashinda mkulima wa mboga aitwaye Henk Angenent. Baada ya hapo majira ya baridi yamepungua makali, na barafu ya kutosha haijarudi. Mzee mmoja mfereji ulipopita mgahawa wake alinionyesha ukoko mwembamba juu ya maji. Akaugusa kwa kidole, ukapasuka. Akasema kila Januari anautazama. Mimi niliyekuwa natetemeka kama jani nilimwonea huruma mtu anayeililia baridi.

HESABU ZA MWISHO

Wengi wananiuliza gharama, basi hizi hapa. Nauli milioni 1.9, viza na bima kama laki tatu na nusu, kulala usiku 11 laki 8.8, chakula laki sita, treni laki 3.75. Jumla milioni 4 na laki moja kasoro kidogo au zaidi kidogo. Ukilala hosteli na kupika mwenyewe, inawezekana. Beba kadi mbili za benki za aina tofauti. Beba kofia ya kuziba masikio. Beba pilipili yako. Na dada unayesafiri peke yako, mwachie mtu mmoja wa nyumbani ratiba yako yote, umpigie kila usiku, hata kama atakuchosha kwa maswali.

Mjomba alinuna wiki mbili. Alitegemea kontena, akapata sumaku ya friji na jibini ambalo alisema linanuka soksi. Siku hizi ameanza kulainika, maana kila jioni barazani anawasimulia wenzake habari za nchi iliyo chini ya bahari, tena anaeleza kwa kujiamini kama vile aliyesafiri ni yeye. Na tofauti ya Mdachi na Mholanzi anaifafanua vizuri kuliko mimi.